Mlango wa Kupeleka Nyumbani

Nyumba yetu ya Mbeya ilikuwa na vyumba viwili na milango minne. Mitatu ilifunguka na kufungwa kama milango ya watu wengine. Wa nne ulikuwa umeegemezwa ukutani katika chumba tulicholala watoto, na nyuma yake hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta. Wenzangu wa shule walipokuja kucheza waliniuliza mlango ule unakwenda wapi. Niliwajibu, "Kwetu." Walipocheka, niliwafukuza. Hasira zangu zilikuwa za karibu tangu utotoni, na sioni sababu ya kulificha hilo leo.

Baba alikuwa seremala. Alizaliwa upande wa pili wa Ziwa Nyasa, Malawi, katika kijiji cha Watumbuka ambacho mimi nilikijua nyumba kwa nyumba bila kuwahi kukitia machoni. Alivuka mpaka akiwa kijana asiye na mke, akasema atafanya kazi misimu miwili kisha arudi. Alirudi mara moja tu, kuoa. Akamchukua mama, akamwambia misimu miwili. Mimi na wadogo zangu wawili tulizaliwa Mbeya, chini ya mlima Loleza, katika misimu hiyo hiyo miwili.

Kwetu hapakununuliwa kitu kizito. Baba alitengeneza makabati ya nusu ya mji, lakini nguo zetu zilikaa kwenye masanduku ya bati yaliyopangwa chini ya vitanda. "Kabati utalipakia wapi siku ya safari?" mama alikuwa akisema. Shambani alipanda maharage, mahindi na mboga, vitu vya kuvuna na kwenda zako. Jirani mmoja Msafwa alituletea mche wa parachichi. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa kupiga magoti, kisha akaupeleka kwa jirani mwingine. Mti ule ulikuja kuzaa sana, tukawa tunaomba maparachichi kwa watu.

Baridi ya Mbeya mama hakuizoea. Mwezi wa sita alivaa koti kuukuu la baba juu ya kanga mbili, na bado alisogea na jiko kila lilikokwenda. Alikuwa mtu wa ziwani. Alitamani joto la mchanga, alitamani dagaa wa kwao, wale wanaowaita usipa, alitamani ugali wa muhogo unaovutika, wenyewe wanauita kondowole. Unga wa muhogo ulipatikana mara chache, ukiletwa na watu wa Kyela, na siku ulipopatikana mama aliimba akisonga. Sauti yake tuliisikia tukiwa njiani kutoka shule, tukaanza kukimbia.

Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja fundi cherehani mmoja wa kwao, mtu mnene mwenye kicheko cha kuamsha watoto. Kabla ya kumsalimia mtu yeyote aliingia moja kwa moja chumbani kwetu, akasimama mbele ya ule mlango ulioegemezwa, akaugonga mara tatu.

"Odi!" alisema. Ndivyo kwao wanavyobisha.

Na mama, popote alipokuwa, hata kama mikono imejaa unga, hata kama yuko uani anasuuza nguo, alipaswa kuitikia kwa sauti: "Odini!" Hapo ndipo fundi alipotoka, akakaa, akapewa chai. Wamalawi wote waliopita kwetu walifanya hivyo. Ulikuwa utani, lakini walikuwa wakivua kofia kabla ya kugonga. Mara moja niliwahi kuitikia mimi, kwa kiherehere changu. Baba alinikanya vikali. Alisema jibu lile ni la mwenye nyumba, si la kila mtu mwenye mdomo.

Baada ya chai walianza kupanga kurudi. Nilikuwa nayajua mazungumzo yale kwa moyo.

"Achimwene," fundi alimwambia baba, maana kwao ndugu huitwa hivyo, "mimi mwaka huu mvua zikiisha, hamnioni tena."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

"Mwaka jana nilikuwa na suruali za watu ambazo sijamaliza kushona."

"Na sasa?"

"Sasa ninazo nyingi zaidi. Lakini moyo uko kule."

Walicheka mpaka wakafuta machozi, halafu kila mtu akatazama kikombe chake. Mimi nilikuwa mdogo na sikuelewa kwa nini watu wazima wanacheka kitu kile kile kila Jumapili na kinawaumiza kila Jumapili.

Mlango wenyewe ulianzia kwenye kamba. Mdogo wake baba, mvuvi wa nyavu, alikuwa amebaki kijijini, na ndiye aliyefyatua matofali na kumjengea kaka yake nyumba. Baba alimtumia ujumbe: jenga kuta, ezeka, weka madirisha unavyoweza, lakini mlango wa mbele niachie. "Nifanye useremala nchi za watu miaka yote hii," alikuwa akisema, "halafu niingie kwangu kwa mlango wa mtu mwingine?" Baba mdogo hakuwa na futi kamba. Akachukua kamba ya magome ya mti, ile aliyofungia nyavu zake, akapima uwazi wa mlango toka kizingiti mpaka juu, akapiga fundo kila mwisho. Akatafuta kipande kingine kifupi cha kupimia upana. Zote mbili akampa mama mmoja muuza samaki wa Kyela aliyekuwa akivuka mpaka kwa njia zake anazozijua mwenyewe, maana miaka ile pale mpakani watu walitazamana kwa jicho la pembeni.

Mama yule alifika kwetu masika, mvua ikimwagika. Kamba zile alikuwa amezitumia kufungia tenga la dagaa. Aliona ni kuzionea kamba nzuri zikae bure.

"Ugonile, mama," alimsalimia mama kwa Kinyakyusa huku akizifungua kwenye tenga. "Shemeji yako kaleta hii kamba. Kasema ni mlango. Mi nikashangaa, mlango gani unakunjika."

Kamba zilikuwa zimeloa chepechepe, zinanuka samaki. Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Sasa, karakanani walikuwa wakimtania baba kwamba hupima mara tatu na bado hupima tena. Ubao aliukausha miezi kabla ya kuugusa. Alisema ubao mbichi ni mwongo. Lakini jioni ile hakuvua hata koti. Alichukua kamba ile ndefu, akanipandisha kwenye stuli, akanipa mwisho mmoja niushike ukutani, yeye akachuchumaa na mwisho wa pili sakafuni, akaanza kupiga alama kwa penseli.

"Hiyo kamba imeloana," mama alisema. "Si uiache ikauke kwanza?"

"Kamba ni kamba, mama."

Maji yalinitiririka mkononi mpaka kwapani. Niliona uso wa baba kutoka juu, na ulikuwa uso wa mtu anayesubiri kuitwa jina lake. Sikuwahi tena kumwona baba akiwa na haraka namna ile. Alipomaliza, mama alizitundika kamba kwenye msumari jikoni, zikasahaulika.

Mlango aliutengeneza kwa mbao za mninga kutoka Chunya, Jumamosi kwa Jumamosi, bila msumari hata mmoja. Uliisha ukiwa mwekundu wa kahawia, mzito, wa kunyamazisha mtu. Mama akawa anaupaka mafuta kila mwezi. Halafu ukakaa. Mwaka wa kwanza tulisubiri mdogo wangu wa mwisho aache kunyonya. Mwaka wa pili karakana ilikuwa na kazi nyingi, maana reli ya Wachina ilikuwa inakuja na kila mtu alitaka milango, vitanda, meza. Mwaka wa tatu sikumbuki sababu. Tulikuwa na sababu za kutosha.

Kisha zikaja habari mbili katika mwezi mmoja.

Ya kwanza ilikuja na yule mama wa samaki. Bibi, mama yake mama, alikuwa amepofuka kabisa. Ujumbe wake ulikuwa huu: macho yangu yameondoka, lakini masikio bado yapo, mwambie mwanangu aje nimsikie kabla nayo hayajaondoka. Mama alimsikiliza yule mama mpaka mwisho, akamwaga dagaa kwenye ungo, akaanza kuwachambua, na nikaona hachambui kitu, anawahamisha tu kutoka upande mmoja kwenda upande mwingine.

Ya pili ilitoka karakanani. Iringa kulikuwa kunafunguliwa mahali pa kufundishia vijana useremala, na walimtaka baba akafundishe. Kazi ya kudumu, na kiwanja cha kujenga nyumba. Lakini nafasi ilikuwa ya raia. Baba angepaswa kuukana uraia wake wa kule na kuwa Mtanzania kwa karatasi. Alipewa mpaka shule zifungwe awe amejibu.

Siku kadhaa nyumba yetu haikukalika. Kutoka Mbeya kwenda kwao ni kushuka Tukuyu, kufika mpakani, kuvuka. Iringa iko upande mwingine kabisa, siku nzima ya basi kupita Usangu. Mtoto yeyote aliyefundishwa ramani aliona kwamba kwenda Iringa ni kuipa nyumbani mgongo.

"Sikukuzuia kitu," mama alimwambia baba walipokuwa wanamenya viazi. Baba alikuwa akimsaidia kazi ya jikoni alipokuwa na wasiwasi. "Ulisema misimu miwili, nikahesabu misimu miwili. Nikaacha kuhesabu. Baba watoto, nina hamu. Nina hamu na mama yangu mpaka kifua kinauma hapa. Usinipeleke Iringa."

Baba alimenya kiazi kile mpaka kikabaki kama kokwa. "Tunarudi," alisema.

Alisema atatangulia na mlango, aupachike, asalimie wazee, kisha arudi kutuchukua shule zikifungwa. Mama alilia kwa furaha, akacheka, akatupiga makofi ya mgongoni bila kosa. Na mimi, niliyezaliwa Mbeya, niliyejua ziwa kwa kuambiwa tu, nililala na kuamka na hamu ya kijiji kile, kama vile ni mimi niliyenyimwa.

Siku mbili kabla ya baba kuondoka, tulikuwa tunaufunga mlango kwa magunia usikwaruzwe njiani. Baba alikuwa ametoka. "Kuna zile kamba jikoni," mama aliniambia. "Lete. Baba yako anataka kumrudishia mdogo wake kamba yake."

Nilizitungua. Zilikuwa nyepesi, kavu kabisa, harufu ya samaki imebaki kidogo sana. Kwa mchezo nikailaza ile ndefu juu ya mlango, fundo la chini kwenye ncha ya chini. Fundo la juu likapita ncha ya mlango. Nilipima kwa mkono: vidole vinne. Nikacheka.

"Mama, mlango umepungua!"

Mama alikuja akiwa bado anatabasamu. Akaivuta kamba, akailegeza, akaipima upya. Akapima tena. Kamba ya magome ikiloa hujivuta, ikikauka hurudi urefu wake. Kila mwanamke wa ziwani anajua, na ndiyo maana alisema iachwe ikauke. Mama alikaa kitako juu ya sanduku.

"Usimwambie baba yako," alisema.

"Kwa nini? Si ataurekebisha?"

"Hataurekebisha. Namjua. Atauanza upya. Ataanza kutafuta mbao, mbao zitakuwa mbichi, atasubiri zikauke, na zikikauka mvua itakuwa imeanza, na Iringa itakuwa inamngoja. Akijua, hatuendi. Wewe unataka tusiende?"

Nilitikisa kichwa. Mama alichukua kisu cha jikoni, akakata kamba pale mlango ulipoishia, akapiga fundo jipya. Kile kipande alikitupa jikoni motoni. Kiliungua haraka sana.

Jioni baba aliiulizia kamba yake. Mama akampa bila kumtazama. Baba aliipokea, akaliminya lile fundo kwa kidole gumba, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Mimi niligeuka nikaenda kuchochea moto.

Alfajiri tulimsindikiza stendi. Watu wanne waliupandisha mlango juu ya basi.

"Mzee, hii mlango inaenda wapi?" utingo aliuliza akihema.

"Nyumbani kwake," baba alimjibu, na stendi nzima ikacheka.

Alikuwa amesema atakaa wiki mbili. Katika siku zile mama alikuwa mtu mwingine. Aligawa sufuria, akagawa jiko, akagawa ndoo, tukawa tunapikia kwenye chungu kimoja. Alitufundisha salamu za Kitumbuka na kutupiga vidole tulipokosea. Mimi niliaga shuleni. Rafiki yangu mpenzi nilimpa kamba yangu ya kuruka, tukalia wote wawili shingoni mwa mwenzake, nikaona raha ya ajabu katika kulia kule, raha ya mtu anayeondoka.

Baba alirudi siku ya nane, mchana wa jua kali. Mama alikuwa anafua uani. Kitu cha kwanza kuonekana kwenye kona kilikuwa mlango, umelala juu ya mkokoteni, magunia yamefumuka. Nyuma yake alikuwa baba, anasukuma.

Alisimamisha mkokoteni mbele ya mama. "Umepwaya," alisema. "Vidole vinne juu. Siwezi kuwaachia watu kazi mbovu." Alifuta jasho. "Nitawajibu wale wa Iringa kwamba nimekubali."

Nilimtazama mama. Hata mimi, mtoto wa seremala, nilijua ubao huungwa. Nilijua tofali linaongezwa juu. Mama yangu alikuwa mtu wa kubishana juu ya chumvi mpaka jua linazama, na nilingoja abishe. Nilimsihi kwa macho abishe. Lakini kuufungua mjadala wa vidole vinne kulikuwa ni kuifungua habari ya kamba. Mama aliinama akaendelea kufua, akalifua shati lile lile mara ya pili na mara ya tatu.

Jioni baba alitueleza kidogo kuhusu kwao. Wote ni wazima. Baba mdogo alikuwa anaishi ndani ya ile nyumba na watoto wake, ameziba mlango wa mbele kwa mbao za makasha. Walimchinjia jogoo. Bibi alisalimia. 

Ilibidi niende kwa rafiki yangu kumwambia hatuondoki kwenda kwetu, tunaondoka kwenda Iringa. Alinirudishia kamba ya kuruka. Sikuwahi kuiruka tena.

Iringa tulijengewa nje ya mji, njia ya kwenda Kalenga, mahali penye mawe makubwa na upepo usiochoka. Baba alimwambia mwashi asipime mlango kwa ukuta, apime ukuta kwa mlango. Ndivyo ilivyokuwa nyumba yetu ikawa na mlango mzuri kuliko wote barabarani pale, na mfupi kuliko wote. Wanaume warefu waligonga paji la uso. Baba mwenyewe aliinama kila alipoingia na kila alipotoka. Wageni waliusifia, wakasugua vichwa vyao, wakausifia tena.

Sasa ulifunguka. Lakini hakuna aliyeugonga kama zamani. Wamalawi hawakupita Iringa. Majirani zetu Wahehe waliita "Kamwene!" tangu barabarani, au "Hodi," na mama akawaitikia "Karibuni" kwa adabu. Alikubali kabati. Alipanda mparachichi, akaumwagilia. Watu walisema amezoea. Mimi nilijua kwamba hajaimba tangu tulipohama, na nilijua kwa nini, na hilo lilinifanya nimwogope na kumpenda kwa pamoja. Nami nilikuwa na yangu: nilianza kuota ukungu wa Loleza, mtaa wetu, ile harufu ya mvua isiyokatika. Nilikuwa Mbeya nikitamani ziwa, na sasa nilikuwa Iringa nikitamani Mbeya.

Baba alipata karatasi yake ya uraia. Aliiweka ndani ya Biblia, hakuionyesha watu.

Mwaka wa pili wa Iringa, kiangazi, dereva mmoja wa lori alitushushia barua kutoka kwa yule fundi cherehani. Naye alikuwa bado yuko Mbeya, bado anashona suruali za watu. Aliandika kwamba bibi amefariki. Amezikwa wiki tatu zilizopita. Watu wa kule wanasema alikuwa akisikia miguu nje anauliza, ni yeye?

Baba alimsomea mama barua ile mezani, saa kumi alasiri, mimi na wadogo zangu tumekaa kwenye mkeka. Mama hakupiga yowe. Alisikiliza, akaiomba barua, akaishika, ingawa hakujua kusoma.

"Ni mimi," alisema. "Nimemuua kwa kumngojesha. Ile kamba nilikuwa nimeikata. Ilikuwa ndefu, nikaikata ilingane na mlango, nikaogopa ukijua utaghairi. Ningekwambia ungeunga ubao. Tungekwenda. Ni mimi."

Nilifumba macho. Nilitaka kusema na mimi nilijua, lakini baba aliniwahi.

"Najua," baba alisema.

Nilifumbua macho. Baba alikuwa amekunja mikono yake juu ya meza, ile mikono mikubwa yenye makovu ya patasi.

"Nilijua siku ile uliyonipa. Fundo la mdogo wangu ni la mvuvi. Lile lilikuwa fundo lako, la kufungia pembe ya kanga. Nililiuliza kwa kidole tu, likanijibu."

"Ulijua," mama alisema.

"Nilijua mlango ni mfupi, na nilikuwa na siku nzima na mbao karakanani. Kuunga vidole vinne ni kazi ya asubuhi moja. Nikasema, acha niende nao hivi hivi. Wakinipokea kama mtu wao, nitaongeza tofali siku hiyo hiyo, hakuna atakayejua. Wakinipokea vinginevyo, mlango utanisemea." Aliikunjua mikono. "Walinipokea vizuri sana. Walinipa kiti wanachompa mgeni. Walinipa firigisi ya mgeni. Mtoto wa mdogo wangu alisimama mlangoni kwangu akaniuliza, wewe ni nani? Niliogopa, mama. Miaka yote nilikuwa mtu atakayerudi. Kule niliona hakuna anayemngoja mtu yule, isipokuwa mama yako. Nikaupakia mlango."

"Miaka miwili," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo na inatisha. "Miaka miwili nimeinama na hatia hii, nakula nayo, nalala nayo. Na wewe unanitazama. Unaniachia niibebe yako na yangu."

"Ndiyo," baba alisema. Hakujitetea. Nilimchukia kwa kutojitetea kwake, na huruma ikanishika papo hapo.

Mama alisimama. Akaipita meza, akaupita mkeka wetu, akafungua ule mlango wa mninga, akatoka, akaufunga nyuma yake. Nilidhani ameenda kwa majirani kulia, kama wanawake wanavyofanya. Mdogo wangu wa mwisho alianza kulia, nikamvuta kifuani.

Kisha mlango ukagongwa. Mara tatu.

"Odi!" mama alisema akiwa nje.

 Katika maisha yetu yote yeye ndiye aliyekuwa akiitikia. Hatukuwahi kumsikia akibisha. Baba alinitazama, kana kwamba ninaweza kumsaidia. Nilifunga mdomo. Nilikanywa zamani, nikakanyika.

"Odi!"

Baba alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Alikwenda mpaka katikati ya chumba akakwama pale, amenyoosha mkono kuelekea komeo bila kulifikia.  Nilimwona akitafuta neno moja, neno la wenye nyumba, neno ambalo alilivukisha mpaka akiwa kijana na hakuwahi kulihitaji.

Mara ya tatu mama hakugonga. Alilisema kwa sauti ya mtu aliyetembea sana. "Odi."

"Odini," baba alisema. "Odini, mama. Ingia."

Mlango ulifunguka. Mama alikuwa mfupi. Tangu nyumba ile ijengwe, mlango ule haukuwahi kumgusa kichwa. Siku ile aliinama ndipo akaingia.